Kiwambo cha bunduki: tujue tunachokitaja kabla ya kukitamani

Mnamo Januari mosi mwaka wa 2026, kodi ya dola 200 ambayo Wamarekani walikuwa wakitozwa kwa kila kiwambo cha kupunguza mlio wa bunduki ilishuka hadi sufuri. Kodi hiyo ilikuwa imedumu tangu mwaka wa 1934, na kiwango chake hakikupandishwa wala kupunguzwa katika muda huo wote. Wajibu wa kukisajili kifaa chenyewe haukuondolewa; kilichoondolewa ni ada tu. Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya Marekani na wenyewe, nasi tuna yetu yanayotutosha. Waama, tungeweza kunyamaza iwapo mambo ya Marekani yangekuwa yanabaki Marekani.

Hayabaki. Vijana wetu, kuanzia Kangemi hadi Lang'ata, hutazama katika simu zao wawindaji wa ng'ambo wakijadiliana ni kiwambo kipi kinachomfaa anayeanza, yule mwenye bunduki ndogo ya kuwindia sungura na kindi. Nimewasikia wanafunzi katikati ya jiji wakilijadili jambo hilo kwa bidii, huyu akitaja uzito, yule akitaja urefu, kana kwamba kuna duka karibu na Barabara ya Kenyatta ambapo mtu huingia mchana, akachagua, akalipa, akaenda zake. Sikuona ubaya wowote katika udadisi wao. Udadisi ndio mtaji wa mwanafunzi. Nilichokiona ni kwamba walikijua kifaa hicho kwa sifa zake zote isipokuwa moja: hawakujua sheria ya nchi yao inakiita nini. Hilo ndilo ninalokusudia kulieleza leo, nami nitaanzia pale ninapopafahamu zaidi, yaani kwenye maneno.

Nairobi tunalo neno salensa. Tukilitamka, hatuwazi bunduki hata kidogo. Tunawaza gari. Ukienda Kirinyaga Road, ambayo zamani iliitwa Grogan Road, utawakuta mafundi wamelala chini ya magari wakichomelea salensa zilizotoboka, na wengine wamezitundika mpya mbele ya maduka yao mithili ya ndizi. Jina la zamani la barabara hiyo lilitokana na Ewart Grogan, Mwingereza aliyesafiri kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika mwishoni mwa karne ya 19 na kujipatia sifa za uwindaji njiani. Hivyo basi, barabara iliyobeba jina la mwindaji ndiyo leo inayouza salensa, ijapokuwa ni za matatu.

Jambo hilo si sadfa tupu. Salensa ya gari na ile ya bunduki zina ukoo mmoja. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyekuwa mhandisi wa magari, alipata hataza ya kiwambo chake cha bunduki mwaka wa 1909, na kanuni aliyoitumia ni ileile inayotuliza mngurumo wa injini: hewa yenye joto na shinikizo kubwa hupitishwa katika vyumba kadhaa, ikapanuka na kupoa hatua kwa hatua, badala ya kulipuka nje kwa mara moja. Naye Hiram Percy alikuwa mwana wa Hiram Maxim, mtu aliyebuni bunduki ya rashasha katika miaka ya 1880. Bunduki hiyo Waafrika Mashariki waliifahamu kabla ya kumfahamu mwenyewe. Lugard alifika nayo Kampala mwaka wa 1890, na Waingereza waliitumia dhidi ya Wanandi katika vita vya 1905 na 1906. Kiswahili kiliipokea rashasha kwa kuigiza sauti yake: bombomu. Baba alileta mlio, mwana akaja kuupunguza. Na baba mwenyewe uzeeni alikuwa kiziwi.

Sasa tulitazame neno kiwambo. Waandishi wa riwaya za kipelelezi za Kiswahili, hasa wa Tanzania, ndio waliolizoesha masikioni mwetu kwa maana hii: jasusi huchomoa bastola iliyofungwa kiwambo, na adui huanguka pasi na jirani kushtuka. Neno lenyewe limetokana na kitenzi kuwamba, yaani kutandaza ngozi na kuivuta ikakaza, kama afanyavyo mtengeneza ngoma. Kiwambo cha ngoma huzaa sauti. Kiwambo cha bunduki huimeza. Lugha imetumia neno moja kwa kazi mbili zinazopingana, na haikukosea, maana katika hali zote mbili jambo kuu ni kitu kilichowekwa baina ya nguvu na hewa.

Penye kosa ni katika dhana ya kuzima. Riwaya na filamu zimetuaminisha kwamba kiwambo huizima sauti kabisa. Si kweli. Mlio wa bunduki una sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni mlipuko wa gesi ya baruti inapotoka kwenye ncha ya mtutu. Hii ndiyo inayopunguzwa na kiwambo. Ya pili ni mpasuko unaofanywa na risasi yenyewe inapokwenda kasi kuliko sauti, ambayo husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Sehemu hii ya pili kiwambo hakiwezi kuigusa, kwa sababu hutokea njiani, nje ya bunduki. Bunduki ya kawaida ya uwindaji hutoa mlio wa desibeli 150 na zaidi, na wataalamu wa masikio huonya kwamba mlio wa ghafla unaopita desibeli 140 waweza kuharibu uwezo wa kusikia papo hapo. Kiwambo kizuri hupunguza kiasi cha desibeli 20 hadi 30. Kwa bunduki kubwa, kinachobaki bado ni kelele ya kutisha. Ni bunduki ndogo tu, zile za kipenyo cha inchi 0.22, zikitiwa risasi zinazokwenda polepole kuliko sauti, ndizo zinazokaribia kimya cha filamu.

Ndiyo maana huko ambako uwindaji wa wanyama wadogo ni halali, mtu anayechagua kiwambo chake cha kwanza huanza na bunduki hiyo ndogo. Huangalia kama mtutu wake umechongwa hesi za kukifungia, na kama hesi hizo zinalingana na za kiwambo. Huangalia kama kipenyo na nguvu ya risasi ni vile ambavyo kifaa kiliundiwa, kwani kiwambo cha bunduki ndogo kikifungwa kwenye bunduki kubwa chaweza kupasuka. Huangalia uzito, maana gramu chache kwenye ncha ya mtutu huelemea mkono wa mtu anayetembea kutwa nzima. Aidha, huangalia kama chaweza kufunguliwa na kusafishwa, kwa sababu risasi hizo ndogo ni za madini laini ya risasi, ambayo huacha masizi mengi ndani. Katika nchi za Skandinavia na Finland wawindaji wengi hukichukulia kuwa chombo cha adabu: humlinda mwindaji na mbwa wake wasiwe viziwi, na huwaacha majirani walale. Uingereza imekuwa ikikiandika katika cheti cha silaha cha mwenyewe. Ni hoja za watu wazima, na mtu mwenye akili hazikejeli.

Lakini hoja huota katika udongo wake. Tuitazame ardhi yetu.

Mwezi Mei mwaka wa 1977, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori nchini Kenya. Mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine ikafungwa. Chama cha wawindaji wa kulipwa cha Afrika Mashariki, kilichoasisiwa mwaka wa 1934 katika Hoteli ya Norfolk hapa Nairobi, kikavunjwa. Uwindaji wa ndege kwa leseni uliendelea kwa miaka mingi baadaye, na katika miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kuvuna wanyama kadhaa katika mashamba makubwa, lakini mpango huo ulisimamishwa mwaka wa 2003. Mwishoni mwa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa G.G. Kariuki ambao ulionekana na wengi kuwa ungelifungua tena lango la uwindaji. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi. Kisha ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, ambayo iliharamisha uwindaji wa starehe, uwindaji wa kujitafutia kitoweo, na biashara ya nyamapori.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Nairobi anayejiuliza kiwambo kipi kinafaa kwa sungura hana sungura. Hana kanga, hana kwale, hana paa. Sheria haimwulizi kama bunduki yake ina kelele au haina. Inamwambia hakuna kuwinda. Hoja ya adabu kwa majirani, iliyo nzito kule Norway, hapa haina pa kusimama.

Nani basi aliye na haja ya kiwambo katika nchi isiyowinda? Wapo wanamichezo wa shabaha wenye leseni, ambao masikio yao nayo ni masikio. Wapo askari wa wanyamapori, ambao kazi yao huwalazimu kufyatua risasi. Lakini yupo na mwingine. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Katika wimbi la ujangili la mapema miaka ya 2010, wahifadhi wa vifaru katika nyanda za Laikipia walieleza wasiwasi wao juu ya majangili wanaokuja usiku na bunduki zilizofungwa viwambo. Si vigumu kuelewa kwa nini. Askari wa doria hana macho ya kuona gizani umbali wa kilomita tatu, ila ana masikio. Mlio mmoja humwambia kuna jambo, na humwambia upande lilikotokea. Ukiupunguza mlio huo, hata bila ya kuuzima, umempokonya askari dakika ambazo zingeokoa mnyama. Mwezi Agosti 2013 kifaru mmoja aliuawa na majangili ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mbuga ambayo mtu wa Lang'ata huitazama kutoka ghorofani. Sidai kwamba kiwambo kilitumika hapo. Nasema kwamba mbuga iliyo karibu na mji hivyo inalindwa na masikio ya watu wengi, si ya askari peke yao.

Na mji nao una masikio yake. Tarehe 21 Septemba mwaka huohuo wa 2013, magaidi walipolivamia jengo la Westgate hapa Westlands na kuwaua watu 67, wapo waliosalimika ambao walieleza kwamba mlio ndio uliokuwa taarifa yao ya kwanza: walisikia, wakakimbia, wakajificha. Mlio wa bunduki mjini ni kengele ambayo muuaji mwenyewe huipiga bila ya kupenda. Nchi inayotaka kuiondoa kengele hiyo sharti iwe na sababu kubwa kuliko raha ya mwindaji wa kindi.

Hata hivyo, ningekuwa nimewapunja wasomaji wangu kama ningeishia hapo, kana kwamba kimya ni uovu na kelele ni wema. Historia yetu ya uwindaji haisemi hivyo. Mwezi Aprili mwaka wa 1909, mwaka uleule wa hataza ya Maxim mdogo, Theodore Roosevelt aliteremka Mombasa akiwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Yeye na mwanawe Kermit waliua kwa mikono yao wanyama zaidi ya 500 katika safari hiyo. Miongoni mwa waliomkaribisha alikuwa William Northrup McMillan, ambaye maktaba iliyojengwa kwa ukumbusho wake bado ipo katikati ya jiji, na simba wa mawe mlangoni. Bunduki za Roosevelt zilisikika mbali, na hakuna aliyemwita jangili. Katika miaka ya 1950, kwa upande mwingine, Wawaata wa nyika za Tsavo, mabingwa wa upinde na mshale wa sumu, waliandamwa na kufungwa katika kampeni kubwa ya kuukomesha uwindaji wao. Upinde hauna mlio. Aliyewinda kwa kishindo na leseni aliitwa mwanamichezo. Aliyewinda kimya kama babu yake aliitwa jangili. Maneno hayo mawili hayakutofautishwa na idadi ya wanyama waliouawa. Yalitofautishwa na nani aliyekuwa na kalamu ya kuandika sheria.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ina mizizi yake katika enzi hiyohiyo ya miaka ya 1950. Katika kifungu cha 2, inapofafanua silaha ni nini, haiishii kwenye bunduki nzima. Inaingiza ndani ya maana ya silaha vifaa vilivyoundwa au kurekebishwa ili kupunguza mlio au mwako wa bunduki inapofyatuliwa. Maana yake, msomaji mpendwa, ni kwamba mbele ya sheria kiwambo si pambo la bunduki wala spea ya bunduki. Ni silaha chenyewe. Kukipata au kuwa nacho bila ya cheti ni sawa na kuwa na silaha bila ya cheti, hata kama nyumbani kwako hamna bunduki wala risasi hata moja.

Ni Wakenya wangapi wanaolijua hilo? Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kimekipa Kiswahili hadhi mbili, ya lugha ya taifa na ya lugha rasmi. Lakini Sura ya 114 imeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, chenye sentensi moja inayojaza nusu ya ukurasa. Mwenye leseni anayeishi Karen ana wakili wa kumfasiria. Mfikirie sasa fundi wa jua kali wa Kawangware, mwenye mashine ya kukereza vyuma. Anajiwa na mteja aliyevaa vizuri, mwenye mchoro, anayetaka bomba la chuma lenye hesi ndani na vyumba kadhaa. Mteja anamwambia ni salensa. Fundi amekwisha kutengeneza salensa za pikipiki kadhaa wiki hiyo. Anaona hii ni ndogo tu. Anakereza, analipwa, anasahau. Siku polisi wakibisha hodi, atasimama kizimbani kwa kutengeneza silaha, akijitetea kwa neno ambalo kwake lilikuwa na maana ya bomba la moshi.

Huo ni mfano niliouwaza, lakini hatari yake ni halisi, na chanzo chake ni cha kiisimu. Neno moja katika lugha ya mtaani linataja kitu halali cha Kirinyaga Road, na neno hilohilo katika lugha ya sheria linataja kosa la jinai. Sheria isiyoeleweka na anayepaswa kuitii humnasa mjinga na kumwacha mjanja, kwa kuwa mjanja ndiye aliyeleta mchoro na hakuacha jina.

Nifanye nini, atauliza mwalimu anayenisoma. Naona mambo matatu. Kwanza, serikali itoe kwa Kiswahili sanifu vifungu vya sheria vinavyomgusa raia wa kawaida moja kwa moja, kuanzia Sura ya 114 na sheria ya wanyamapori. Kazi hiyo haihitaji tume. Wataalamu wa tafsiri wamejaa katika vyuo vyetu, na istilahi si kikwazo: tuna mtutu, tuna risasi, tuna baruti, tuna kiwambo. Napendekeza kwamba sheria ikitafsiriwa isitumie salensa, kwa sababu ya utata nilioueleza, wala kizimasauti, kwa sababu ni uongo wa kifizikia. Iseme kiwambo cha kupunguza mlio wa bunduki. Ni jina refu, lakini halimdanganyi mtu.

Pili, walimu wa Fizikia na wa Kiswahili washirikiane. Mwanafunzi anayevutiwa na kifaa hiki hapaswi kukemewa, apewe somo. Desibeli, kasi ya sauti, upanukaji wa gesi: yote yamo katika silabasi au yanaikaribia. Atakapojua kwamba kimya cha filamu ni hadaa, nusu ya tamaa itakuwa imekwisha. Nusu iliyobaki itakwisha akiisoma sheria.

Tatu, ikiwa siku moja taifa litaamua kuufungua tena mjadala wa uwindaji, na kuna watu wenye hoja wanaoutaka, hasa katika maeneo ambako wanyama huvamia mashamba na kula mimea, basi suala la viwambo lisiingizwe kimyakimya ndani ya kanuni za waziri. Lijadiliwe waziwazi, na wanaoishi kando ya mbuga wawe wa kwanza kusemeshwa. Masikio ya askari na ya wanashabaha yaweza kulindwa kwa vizibo na vifuniko vya masikio, ambavyo havimpunguzii jirani haki yake ya kusikia. Hiyo ni tofauti ambayo hoja za Finland hazihitaji kuijali, kwa sababu kule mlio wa bunduki msituni huashiria chakula cha jioni. Kwetu, kuanzia Tsavo hadi Westlands, umeashiria mengine.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee wetu. Walikuwa wakizungumzia watu, si bunduki. Lakini sheria nayo ina kimya chake: kimya cha lugha ambayo raia haisikii. Wanafunzi wale wa katikati ya jiji walikuwa na elimu, simu na muda, na bado neno la sheria halikuwafikia. Fundi wa Kawangware ana mashine inayonguruma kutwa na mteja anayesubiri. Yeye atalisikia wapi?